Sauti Iliyozidi Picha

Chumba cha nyuma, mezani,
Jumatano, tarehe 14, saa kumi jioni.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile video ya mama waliyokuonyesha wenzako wa hospitali siku ya kustaafu kwako ina uongo ndani yake, na mimi ndiye niliyeupanga ukakaa sawasawa na midomo.

Sasa nakuuliza: hujambo? Magoti yamepoa? Baba Mkubwa anaendeleaje na dawa zake za macho? Hapa ndipo watu huandika kwamba nasi huku tu wazima wa afya. Shuleni tumefundishwa kuanza hivyo kwa lugha zote mbili, na kwa Kiingereza huwa inanitoka bila hata kufikiri. Leo nimeiandika kwa Kiswahili mara tatu, nimeifuta mara tatu. Ndiyo maana karatasi imechubuka hapo juu.

Acha nianzie mwanzo. Nilimrekodi mama akiwa kwenye kiti chake cha kushonea, cherehani nyuma yake. Picha kwa simu ya baba, sauti kwa kile kinasa sauti kidogo ulichonitumia. Nilimtilia mfukoni na maiki yake nikaibana kwenye ukosi. Nilimwomba apige kofi moja kabla hajaanza kusema, ili nione mikono inapokutana na nilinganishe na mlio. Akauliza kama anamwita mbwa. Tangu siku hiyo hapigi hodi mlangoni kwangu. Hupiga kofi moja, kisha anaingia akicheka.

Kwenye programu ya kuhariri, mwanzo ulikaa vizuri kabisa. Lakini kufika dakika ya sita sauti ilikuwa imeitangulia midomo kwa karibu sekunde mbili. Mama anasema "dada yangu" na mdomo bado umefumba. Mdogo wangu, yule Kipaza asiyeweza kutunza siri hata ya peremende, alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akasema nimemshonea suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Nilihangaika siku mbili. Kumbe kosa halikuwa la sauti. Simu hainasi picha kwa mwendo mmoja; mwanga ukipungua inapunguza idadi ya picha kwa sekunde, ukirudi inaongeza, na programu inazihesabu kana kwamba zote zina nafasi sawa. Nikaigeuza kwanza video yote iwe na picha thelathini kila sekunde, ndipo nikaipanga upya na lile kofi. Ilibaki kuhakikisha mwisho, na hapo nilikuwa nimekosea tangu awali: sikumwomba kofi la pili. Nikatafuta mlio wowote wa mwishoni, nikaupata. Ni kikombe anachokiweka mezani baada ya kukuaga. Kikombe na mlio wake vikakutana barabara.

Ila sauti haikuishia hapo. Siku ile nilizima simu, nikatoka kumfungulia Kipaza geti, na kinasa sauti nikakisahau mfukoni mwa mama. Zilibaki dakika kumi na moja za sauti isiyo na picha. Ningezikata tu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikaziacha zicheze.

Baba aliingia. Akamwuliza mama kama amempigia daktari, mama akasema bado. Basi baba, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ya kuomba, akasema ule uvimbe wa titi umeongezeka, na daktari alitaka upasuaji ndani ya mwezi huu, wasingoje. Mama akajibu, na hapa nanakili neno kwa neno:

"Mtoto amalize mtihani. Akijua, atafeli. Na Dada asisikie, atapanda basi leo hii."

Mtihani wangu bado wiki tisa, Mama Mkubwa. Ananingoja mimi.

Na kwenye picha, dakika chache tu kabla ya hapo, anakutazama usoni na kusema, "Usiwe na wasiwasi, Dada, mimi mzima." Nilikuwa nimeshasikia yale mengine yote, na bado nilirudi nikalitazama neno hilo picha moja moja, nikahakikisha limekaa, nikaituma video. Lingebaki limeachana na midomo yake, labda ungehisi kitu. Mimi ndiye niliyelirekebisha.

Naogopa. Darasani nasoma swali mara nne na sioni kilichoulizwa, nahesabu siku zilizobaki za mwezi. Kukupigia siwezi, unajua simu yako tunaisikilizia sebuleni wote pamoja, na ujumbe wako mama ndiye anayetusomea. Yule muuguzi mwenzako aliyekuja likizo anarudi huko Jumamosi, amekubali kuibeba barua hii bila kuuliza.

Mama hamsikilizi mtu mwingine zaidi yako. Njoo. Usipige simu, njoo. Mwambie mtihani nitaufanya, na nikifeli nitaurudia mwakani. Mwambie wewe, maana mimi nikisimama mbele yake kinywa hakifunguki.

Ile sauti sijaifuta. Nimeipa jina "hesabu za zamani" ili Kipaza asiiguse.

Nisalimie sana Baba Mkubwa, na binamu fundi umeme, na yule mdogo anayeng'oka meno. Mungu akupe safari nyepesi na akukutanishe na mama angali anacheka.

Wako akupendaye hata anaponyamaza,
Kimya

Cherehani imesimama. Nasikia ndara zake ukumbini, zinakuja huku. Barua nimeisukuma chini ya daftari la hesabu, imebaki pembe hii tu ya kuandikia. Kofi. Anauliza mbona leo nimejifungia, ni mzima mimi? Nitamjibu mimi mzima.