Kijiti cha Kabureta ya Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. U hali gani? Mgongo umepona, au bado unalala sakafuni? Wifi yangu hajambo? Na hao wadogo wanaonijua kama shangazi wa kwenye simu, kikohozi kimewaachia? Sisi huku tunapumua. Mama anakula, ila ukimpa sahani huizungusha kwanza, kama mtu aliyedondosha kitu ndani yake.

Leo ni wiki ya sita tangu tumzike Baba. Siku ile kwenye simu ulisikia vilio vya watu na neno mojamoja. Una haki ya kujua yote.

Unajua kwamba tangu kiharusi kimpige, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na maneno yalimtoka kwa taabu. Usichojua ni kwamba mwezi wa kwanza niliamua kufufua trekta. Lilikuwa limelala bandani miaka minne, mvua inakaribia, na mwenye trekta la kukodi alishajaza zamu zake. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kabureta: petroli ya zamani iliganda humo ikawa kama gundi.

Nikaileta juu ya meza ya jikoni, Baba yuko kwenye kiti chake ananitazama. Jeti ya shaba, ile skrubu yenye kitundu cha kupitishia petroli, iling'ang'ania. Nikachukua bisibisi iliyokuwa karibu, nyembamba kuliko mfereji wa kichwani mwake, nikauma meno nikazungusha. Jeti ikachubuka. Kaka, mtu ambaye hakuwa amesema sentensi nzima kwa miezi saba akanguruma, "Acha! Unaua!" Mama alitoka chumbani mbio akidhani ameanguka.

Kuanzia hapo yeye akawa fundi, mimi nikawa mikono yake. Bisibisi tuliipiga tupa mpaka ikaujaa mfereji. Pini ya boya linaloelea humo ndani tuliisukuma kwa msumari uliokatwa ncha, polepole, huku nimekiegemeza kwa kidole kiguzo kinachoishika, maana kikivunjika kile hakuna wa kukiunga. Vilivyokaidi tulivilaza kwenye kopo la mafuta ya taa na oili ya gia. Kila asubuhi aliuliza neno moja tu: "Imelegea?" Nikimwambia bado, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Unakumbuka wateja waliomletea mashine walivyombandika jina la Bwana Kesho? Nilidhani ni uvivu. Kumbe yule mzee alikuwa anasubiri vyuma vikubali vyenyewe.

Jeti ilitoka siku ya nne. Tulimimina maji ya moto juu ya kabureta, tukagongagonga kidogo, kisha akanionyesha kwa kidole niikaze kwanza ndipo nifungue. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Sindano ya petroli nayo ikatoka. Kikabaki kijiti cha chuma kinachozungusha kipepeo, kile kibati cha kufungua na kufunga hewa, pamoja na skrubu zake mbili.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma. Siku ya msiba uliniuliza kama Baba alikutaja, nikakwambia alikuita kabla ya kukata roho. Nilikudanganya, Kaka. Wala mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea kuomba atupashie moto kile kijiti, Mama yuko nje anaanika nguo. Niliporudi nilimkuta amekaa vilevile kitini, kichwa kimeinama, mkono wa kushoto juu ya meza. Hakumwita mtu. Nilisema vile kwa sababu sauti yako ilikuwa inakatika, nami sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Nisamehe.

Ila hili ni kweli. Jana yake aliishika kabureta akapitisha kidole gumba juu ya zile skrubu mbili. Akasema, "Hizi alikaza kaka yako." Nikamwuliza amejuaje. "Anakaza kwa hasira." Nikadhani anakulaumu, kwa vile mlivyoachana, na kwa maneno mliyotupiana. Kisha akasema, "Nilimfundisha mimi." Akafumba macho, na chozi likamtoka upande ule usiofanya kazi. Sijaongeza, sijapunguza.

Baada ya mazishi sikutaka kuliona lile kopo. Siku ya tisa nikalibeba, kabureta imo ndani, kwenda nalo kwa fundi wa kuchomelea. Yule naye, unamjua, mikono mizito maneno mengi. Akaniambia, "Dada, hiki kimeshakufa, piga nyundo yaishe." Nikakataa. Tukapasha moto, tukaacha ipoe, tukatia oili, tukarudia. Mara ya tano skrubu zikaachia, moja, na ya pili, na kijiti kikazunguka kati ya vidole vyangu. Fundi akazima moto wake, akavua kofia. Mimi nililia pale pale kwenye benchi lake, vyuma vimenijaa mapajani.

Trekta limewaka Jumanne iliyopita. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likashika. Nililima shamba la chini, matuta yamepinda hata kuku wanacheka. Nilipogeuza nikamwona Mama anakuja nyuma yangu ndani ya mfereji, peku, bila mbegu wala jembe, anatembea tu. Nilipofika mwisho nikataka kuzima nishuke nimshike. Akainua mkono. "Usizime kwanza." Akaja akaegemea madigadi, akaweka shavu juu ya bati lililokuwa linatetemeka. Tukakaa hivyo, mimi usukanini, yeye pale, mpaka petroli ikaisha yenyewe.

Mama anakusalimu sana. Shangazi anauliza kama unavaa nguo nzito. Fundi wa kuchomelea anakupa pole. Mbusu wifi yangu, na wanao wote wawili. Mungu akushike huko ambako mikono yetu haifiki, na siku ukiweza kuja, njoo hivyohivyo, mikono mitupu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama barua hii itakukasirisha.