Kilio cha Nungunungu Mdogo

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua ukiulizwa habari za mwili utasema sijambo hata kama umelala kitandani wiki nzima. Bado linavimba ukipanda ngazi? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Wanangu je, yule mkubwa na yule mchokozi, wanasoma au wanakaa tu kungoja zawadi za mama mdogo? Mimi ni mzima. Koo ndilo linanisumbua kidogo, lakini koo langu unalijua, ndilo linalonilisha.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma kwenye ngazi za studio, nikaisoma tena chooni, kisha nikashindwa kuijibu kwa siku tisa. Miaka miwili mimi na wewe hatujazungumza vizuri, tangu tulipomzika mama. Halafu unaniandikia kurasa tatu za upole, unaniomba msamaha, tena mimi! Nitafika huko. Kwanza nikupe habari za kazi, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Kazi yangu unaijua. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nyonga zimeanza kulia, napata riziki kwa kuwa nungunungu wa kiume wa miaka sita. Watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini katuni yetu imevuma kweli kweli. Sura ya huyo nungunungu iko kwenye mabegi ya shule, kwenye dawa ya meno, mpaka kwenye kandambili. Wenye katuni wamehamia jengo la vioo. Sisi wenye sauti tumebaki kwenye kile chumba cha kuta za sponji, kisicho na dirisha, ambamo feni huzimwa tukirekodi ili isisikike, na tunatoka tumeloa chapachapa. Malipo yalikuwa yale yale ya mwaka wa kwanza.

Mwezi uliopita tukadai nyongeza. Aliyetusemea ni yule anayeigiza sauti ya mamba, nasi tunamwita Mamba, ingawa ni mwembamba na ana haya kuliko bibi harusi. Mkurugenzi alitusikiliza vizuri, akatupa maji ya kunywa, halafu akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini mtu alipwe fedha nyingi kwa kuongea tu, wakati wachoraji wanaumia migongo na kila aliyezaliwa na mdomo anajua kuongea. Mimi jibu nilikuwa nalo, nimekuwa nalo miaka yote, lakini Mamba alinitangulia. Aliomba runinga iwashwe, akaweka kile kipindi cha mafuriko.

Wewe unakijua. Maji yamemchukua mama nungunungu, mtoto amebaki juu ya jiwe, anaita, sauti inakatika, anaita tena bila sauti. Mkurugenzi alivua miwani. Hapo Mamba akamwambia kwamba siku ile nilikuwa nimetoka kuarifiwa kifo cha mama yangu mzazi, nikakataa kuondoka, nikarudi mbele ya maikrofoni na kulia kilio changu mwenyewe. Akamuuliza kilio kama kile kinalipwa kiasi gani. Mimi nilitazama chini. Wiki ile ile wakatupandishia malipo sote, karibu mara tatu, na mwandishi mmoja wa gazeti akaidaka hadithi hiyo, akaiandika na kuweka picha yangu.

Ndiyo uliyoisoma. Ndiyo iliyokufanya uniandikie kwamba ulinihukumu bure. Kwamba uliponiona mazishini nimesimama mkavu, sitoi chozi wala sauti, ulisema moyoni kuwa nina roho ya jiwe, kumbe machozi yangu nilikuwa nimeyamaliza kule kazini kwa ajili ya mama. Umeniambia kwamba sasa ukimkumbuka unawasha kile kipindi, tunalia pamoja, wewe huko na mimi humo ndani.

Dada, nilipolia kile kilio sikuwa najua kwamba mama anakufa.

Siku ya kurekodi kilio huwa siongei tangu niamke. Natunza sauti. Jirani simsalimii, na mkate naununua kwa kunyoosha kidole. Uliponipigia asubuhi ile, simu haikuwa ndani ya mkoba kama nilivyokudanganya. Ilikuwa mkononi. Niliiacha ikaita. Ukapiga tena. Kisha ukanitumia ujumbe kwamba mama amezinduka, anataka kunisikia tu, hata neno moja, na kwamba utamwekea simu sikioni. Niliusoma. Nikajiambia kwamba ameugua miezi mingi, jioni atakuwepo, jioni nitaongea naye mpaka anichoke. Nikaingia kwenye chumba cha kurekodia, nikavaa hedifoni.

Saa tano nililia. Sikumfikiria mama wala mtu yeyote. Nilifikiria pumzi: niivute fupi, niishikilie chini ya mbavu, sauti ipasuke anapoita mara ya pili, si ya kwanza, kwa sababu mtoto huanza kuogopa akiona hakuitikiwa. Mambo hayo nimejifunza kwa miaka kumi na mitano. Nilirudia mara saba mpaka fundi wa sauti akainua dole gumba, na nilitoka nacheka kwa furaha. Saa saba ukapiga, nikapokea, ukaniambia mama ametuacha kabla ya saa sita. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Sauti yote nilikuwa nimeitumia. Mpaka mazishini ilikuwa haijarudi, na machozi nayo yakagoma. Mpaka leo sijamlilia mama, na inaniuma kuliko unavyoweza kufikiri.

Wenzangu walijua tu kwamba msiba ulinikuta siku hiyo hiyo. Mengine waliyapanga wenyewe, nami sikuwasahihisha. Jibu nililotaka kumpa mkurugenzi ni kwamba kile kilio ni ufundi, na ufundi ule unastahili malipo makubwa. Bado naamini hivyo. Lakini hawakuulipa ufundi, waliulipa msiba, na saa ile sikuwa na msiba. Mkataba nimeshasaini. Wenzangu wana watoto, nikifungua mdomo sasa nawaharibia wote. Kwa hiyo ukweli nimeuleta kwako peke yako, ingawa ni wewe ninayeogopa zaidi kukupoteza.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako, kurasa zote tatu. Ulimwandikia mtu aliyemlilia mama, na mtu huyo si mimi. Ukimaliza kusoma haya, kama bado una neno kwangu, niandikie upya, hata mstari mmoja. Usipoandika sitakulaumu.

Nisalimie shemeji, mwambie asiache dawa. Wanangu wabusu wote wawili, na wakitaka kutazama kile kipindi waache watazame, kimetengenezwa kwa ajili yao. Ila wewe, dada yangu, nakuomba usikiwashe tena ukimtafuta mama. Mama hayumo mle, wala mimi simo.

Ni mimi,
Mdogo wako