Lami ya Mtumbwi wa Mzee Tarmo

Jumatatu, 3 Machi

Ziwa Basotu tena. Kesi ya nyavu. Masanja, mvuvi aliyehamia huku kutoka Mwanza, analalamika kwamba Sulle amemchania wavu. Wiki nzima wametukanana mbele za watu. Nimemfuata Sulle nyumbani, hayupo. Mkewe kasema katoka na mtumbwi alfajiri, halafu akanifungia mlango. Pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, niliwaamkia wazee shikamoo, wakageuka kutazama maji. Mwaka mzima tangu nihamishiwe kituo cha polisi huku Hanang na bado naangaliwa kama mwizi wa ng'ombe.

Nikaenda kumsubiri kwa Mzee Tarmo, mwenyekiti wa wavuvi. Anakaa peke yake, ng'ambo ya matete. Nilikaa juu ya mtumbwi wake nikiandika maelezo ya kesi. Alitoka ndani, akaniona. Akarudi, akaniletea kigoda na uji wa moto. "Kaa hapa, mwanangu." Mtu pekee mwenye adabu ziwa zima.

Sulle hakutokea. Suruali yangu ya kazi imeingia lami nyuma. Nimekasirika.

Jumanne, 4 Machi

Sulle kapatikana kwenye matete. Amekufa. Kichwa kimepasuka. Wote wanasema kiboko. Lakini mtumbwi wake ulikutwa unaelea, mzima, hauna hata mkwaruzo. Kiboko gani mstaarabu hivyo.

Mwili umepelekwa Haydom kwa daktari. Nilipogeuka nikakuta wanaume wanavuta mitumbwi yote nchi kavu na kuipindua, kimya kimya. Nikamuuliza mama mmoja anayekausha samaki.

"Mtu akifia majini tunapindua. Mpaka azikwe. Kwenu hamna hii?"

Kwetu Songea hamna. Akacheka, akanigeuzia mgongo.

Jumatano, 5 Machi

Siyo kiboko. Daktari kasema kitu bapa, kizito, pigo moja. Kasia.

Habari ilinitangulia kufika kijijini. Mchana jina lilikuwa moja tu: Masanja.

Lami haitoki. Nimesugua na mafuta ya taa, imezidi kusambaa.

Alhamisi, 6 Machi

Wamechoma nyumba ya Masanja. Tulimtoa kwa mlango wa nyuma, ana shati tu na kiatu kimoja. Sasa yuko mahabusu na nje kuna umati wenye fimbo. Wanawake pia. Mmoja amenitemea mate kwenye buti.

Masanja anasema Jumatatu alikuwa amelala, anaumwa malaria. Nani alimwona? Hakuna. Nani angekwenda kumwangalia. Analia kwa sauti, inanikera, kisha najichukia kwa kukereka.

Mkuu wa kituo anataka Jumatatu ijayo apandishwe kortini kwa mauaji. "Ugomvi upo, mashahidi wapo. Unatafuta nini tena?" Nikamwambia mashahidi wa matusi siyo mashahidi wa kuua. Akaniambia nikianza ujuaji atanitafutia kituo kibaya kuliko hiki. Sidhani kama kipo.

Jioni umati ulitaka kuvunja geti. Mzee Tarmo akaja, akasimama mbele yao. "Acheni serikali ifanye kazi yake." Wakatawanyika. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Hakuniangalia usoni.

Ijumaa, 7 Machi

Wamemzika Sulle. Nilisimama mbali, hakuna aliyenikaribisha. Baada ya mazishi wanaume walishuka mwaloni kuigeuza mitumbwi. Waliishika chini, wakainua. Walipomaliza viganja vyao vilikuwa vyeusi.

Lami.

Lami inapakwa tumboni mwa mtumbwi, upande unaogusa maji. Ukikaa kwenye mtumbwi uliotulia kawaida huwezi kuigusa. Mimi niliikalia, mtumbwi wa Mzee Tarmo ulikuwa umepinduliwa. Jumatatu. Na Sulle alipatikana Jumanne.

Nikamrudia yule mama wa samaki. Mtumbwi ukiharibika mnaupindua? Akaniona mjinga. "Tunaulaza ubavu. Kupindua ni msiba tu. Nani apindue bure, aite kifo?"

Kigoda kile. Hakikuwa heshima, alitaka nitoke pale juu. Na ule uji niliusifia kwa siku nne.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemweleza mkuu. Kacheka. "Suruali?" Kaniuliza mara mbili. Kisha akanipa askari wawili, ili nikaaibike mbele yao.

Mzee Tarmo alikuwa amekaa nje. Mtumbwi wake bado umepinduliwa. Nilimwamkia shikamoo kabla ya pingu, sikujua namna nyingine. Akajibu marahaba.

Sikuuliza maswali mengi, alieleza mwenyewe. Yale matete ndiko perege wanakozalia, alikuwa amekataza watu kuvua humo ili samaki wasiishe ziwani. Sulle alikuwa anaingia alfajiri na wavu wa matundu madogo. Alimwonya, Sulle akamcheka, akamwambia ziwa siyo la babu yake. Mzee akampiga kasia. Akamwona anazama.

"Ungemwacha Masanja afungwe?" nikamuuliza.

"Yule mgeni," akasema. Basi. Kama kwamba hilo ni jibu. Nilitamani kumpiga.

Halafu nikamuuliza kwa nini alipindua mtumbwi wakati hakuna aliyejua bado. Akashangaa kweli kweli.

"Ningeuachaje wazi, mwanangu, na mtu yumo majini?"

Jumapili, 9 Machi

Matusi siku nzima. Sasa umati unaniandama mimi. Nimemwonea mzee wao, nimehongwa na Wasukuma, watu wa Masanja, mimi ni mchawi. Mke wa Sulle peke yake hakuja kunitukana. Mkuu naye ananuna, ameshalipeleka jina la Masanja juu.

Masanja ametoka. Hakuna aliyemwomba radhi. Nilimpa ndala zangu, akazivaa, akapanda basi la kwanza. Hakuniaga. Namwelewa.

Jumatano, 12 Machi

Basotu, kuchukua maelezo ya mwisho. Suruali imebaki kituoni, ni kielelezo, kwa hiyo nimevaa sketi ya sare. Upepo baridi. Mitumbwi yote iko majini, wanavua kama kawaida. Wameanza kuingia kwenye yale matete.

Wa Mzee Tarmo bado umepinduliwa. Mwenye mtumbwi ndiye anayeugeuza, mwingine haruhusiwi, na yeye harudi leo wala kesho. Majani yameanza kuota pembeni yake.

Nilikuwa nimechoka, na pale nje hapakuwa na kitu kingine cha kukalia. Niliandika nimesimama.