Jumatatu Nilipopishwa Kiti

Saluni ya Mkasi,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo mzima, kuanzia kwako uliye mbali, kwamba Jumatatu ya wiki hii, saa moja na robo asubuhi, ndani ya basi la mji, mdogo wako wa mwisho alipishwa kiti. Jambo hili halijapata kutokea tangu nizaliwe. Hakuna aliyejeruhiwa ila mimi, tena moyoni tu.

Baada ya tangazo hilo, hujambo dada yangu? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na wale wapwa zangu, bado wanakua kwa fujo au wameanza kukusikia? Sisi huku wazima. Wifi yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe, kwa hiyo sina wasiwasi.

Najua binti yangu mkubwa alikupigia simu siku ileile, akakusimulia jinsi baba yake alivyomshukuru msichana aliyemwinukia na kumsihi akae tu, safari yenyewe fupi. Ndivyo nilivyowaeleza mezani. Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nawe nasikia hukunionea huruma.

Kilichoninyima raha ni kutaka kujua: msichana yule aliona nini? Jumapili nilikuwa nimejipaka rangi nyeusi kichwani, ileile ninayowapaka wateja wakikaribia harusi. Nilijikagua kwa vioo viwili, kama ninavyomwonyesha mteja kisogo chake, nisione mvi hata moja. Kinyozi asiyeweza kujificha mwenyewe atamficha nani?

Nikaanza uchunguzi. Kila aliyekaa mbele ya kioo changu nilimuuliza kama angenipisha. Mwalimu wa hesabu alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda. Fundi bomba alisema mimi bado kijana kabisa, lakini wakati huo nilikuwa nimemwekea wembe shingoni. Wifi yako alinitazama kuanzia utosini, akateremka polepole, macho yakatua magotini.

"Wewe huulizi," akasema. "Wewe unatafuta wa kukudanganya."

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi, nalo sikumwambia mtu. Msichana mwenyewe, anayevaa sare ya kijani ya wafua nguo wa hospitali, hupanda kituo kimoja kabla yangu. Tangu Jumanne, kila nikiingia anageukia dirishani. Nilitaka tuyamalize. Mimi ninayeongea na vichwa ishirini kwa siku, vyote vimeinama, nikawa bubu mbele ya kimoja.

Alhamisi akapanda bibi mwenye fimbo. Viti vyote vimejaa. Bibi akasimama ubavuni mwa msichana yule. Msichana akamwona, akaanza kuinuka, akageuka akaniona mimi. Akakaa tena.

Kondakta akauliza kwa sauti vijana hawa wamelelewa na nani. Mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye naye hakuinuka, akaitikia kuwa ndio hao hao, simu mkononi, adabu sifuri. Msichana hakuwa hata na simu. Aliinamisha kichwa, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Ndani ya basi zima ni mimi peke yangu niliyejua nani alimfundisha kukaa.

Sasa dada, nikwambie yaliyotokea kweli, maana wewe ulinilea na nikikuficha utayajua tu. Jumatatu sikushukuru. Aliposimama akasema, "Baba, kaa hapa," nilimjibu mbele ya watu: "Baba yako umemwacha kwenu. Mimi nimekuomba?"

Watu wakacheka, nami nikaona nimesema la maana. Yeye akabaki amesimama, mimi nimesimama, kiti kitupu katikati yetu kwa vituo vitatu, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Akashuka kabla ya hospitali, akamalizia kwa miguu. Hilo ndilo sikulisimulia mezani.

Basi Alhamisi nikasema, kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia, "Msimseme huyu. Jumatatu alinipisha mimi, nikamjibu ovyo. Kosa langu."

Msichana akainuka, akamshika bibi mkono mpaka alipotulia kitini. Ikawa mimi na yeye tumeshika chuma kimoja. Nikamwomba radhi, safari hii kwa sauti ya chini. Hakusema amenisamehe, wala sikumlazimisha. Kisha, kwa kuwa nisingepata usingizi, nikamuuliza Jumatatu aliona nini.

"Ulikuwa unabadilisha mguu kila kituo," akasema. "Baba yangu ni mpishi. Akitoka kazini husimama hivyo."

Ni kweli, dada. Goti la kushoto linaniuma tangu mwezi wa kumi, na hadi nifunge saluni huwa nimesimama kwa muda wa saa kumi. Nilidhani nimelificha vizuri.

Kituo kilichofuata mtu akashuka, kiti kikabaki wazi mbele yetu. Msichana akakitazama, akanitazama, hakunikaribisha. Nikakaa mwenyewe.

Nisalimie shemeji mno na umwambie mgongo ni wa kusikilizwa. Wabusu wapwa wote, hata yule anayejifanya mkubwa kwa mabusu. Wifi yako na binti zako wanakuamkia. Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe afya ya kutosha kuja kunigombeza ana kwa ana.

Wako akupendaye na akuogopaye kidogo,
Mdogo wako, kinyozi.