Mshipa Usio na Mwenzake

Jumatatu, 3 Machi
Mtihani wa mdomo ni Ijumaa, wawili wawili. Darasa letu la uuguzi tuko ishirini na mmoja, lazima mmoja abaki. Nimebaki mimi! Pacha kaenda na Marashi. Miaka miwili tumesoma meza moja, chanda na pete, hadi wakatuita mapacha. Leo pete imehamia kidole kingine. Eti ni wiki hii tu, Marashi ni mgeni, hana mtu. Na mimi nina nani?

Jumanne, 4 Machi
Mishipa ya kifua. Mmoja uko kulia tu, kushoto hauna wa kulingana nao. Kwa Kiingereza unaitwa azygous. Mwalimu kasema tutafute asili ya neno, ataliuliza Ijumaa. Nimelisaka maktaba mpaka nikalipata – Kigiriki. A ni "bila", zygon ni nira, ile ya kufungia ng'ombe wawili. Kumbe ni asiyefungwa nira na mwenzake! Nikacheka peke yangu. Halafu nikatazama dirishani: Marashi anamsuka Pacha huku wanasoma. Nywele zile nasuka mimi. Miaka miwili nasuka mimi!

Jumatano, 5 Machi
Marashi kaja, harufu imemtangulia. Dada, tuazime daftari, lile neno limetushinda. Dada! Nikamwambia asubiri. Mimi huandika kwa penseli. Nikafuta, nikaandika kwamba ni jina la daktari wa kale aliyeugundua mshipa. Nikampa na tabasamu juu. Akiaibika yeye, Pacha atajua wa kusoma naye ni nani. Moyo umepoa kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi
Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwalimu kamruka Marashi, kamuuliza Pacha! Naye kajibu kwa sauti, bila wasiwasi: ni jina la daktari. Darasa zima kicheko. Mwalimu akauliza kayatoa wapi hayo. Marashi akafungua mdomo – Pacha akamkanyaga mguu. Akadakia yeye: nimekisia mwenyewe, mwalimu.

Kanificha mimi.

Sasa mapumziko, dakika kumi. Tukirudi ni zamu yangu, neno ni lile lile, mwalimu keshasema. Nikikosea, nimefeli. Nikipatia, Pacha atajua niliandika uongo makusudi. Naandika hapa kwenye benchi la ukumbini. Yeye kakaa mlangoni, daftari langu mapajani, ukurasa ule ule. Raba yangu haifuti vizuri. Kaunyanyua kwenye mwanga, kakunja macho, anasoma polepole, ni... ra –