Damien na vichupa vya kunusa
Adolphine, niko nalia kwa kucheka! Mama ametoka kunielezea sasa hivi vile ndugu yangu Damien alimuaibisha, enzi za Zaïre, hapa hapa Kalemie.

Damien alikuwa na miaka miwili. Mama alikuwa anamufundisha kunusa kwa vichupa: kahawa, limau, sabuni, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na lutuku, ile pombe kali bibi yetu alikuwa anajichulia mugongo. Mutoto anafumba macho, ananusa, anataja.

Siku ile akaja Papa Anatole wa kwaya na muke wake, Mama Célestine. Papa Anatole aliyeapa kanisani kwamba pombe basi! Damien akamupanda mapajani, akafumba macho, akamunusa mudomo.

"Lutuku!"

Mama alitamani ardhi imumeze. "Hapana, Damien, ni limau."

Mutoto akanusa tena, polepole. "Lutuku, mama. Lutuku!"

LUTUKU, Adolphine! Alirudilia!

Papa Anatole anatazama dari. Mama akangojea matusi. Mama Célestine akasimama, akamubeba Damien, akamubusu.

"Mama Damien," akasema, "huyu mutoto nitamuazima kila Jumamosi jioni."