Duka ya Ziwa na Pesa ya Uzi

Jeptoo wangu anafungua duka ya pili, Mama Otieno. Iko mji wa Ziwa, karibu kabisa na soko, na kufuli nimenunua mimi mwenyewe.

Sasa nikusalimie. Huko uliko hujambo? Sisi tuko, baridi ni ile ile, ila mimi sijatulia wiki yote. Nakaa, nasimama, naenda kuchota maji na ndoo bado imejaa. Ndio maana nimechukua kalamu.

Ni wewe ulimfundisha huyu mtoto kufuma sweta. Alimaliza shule akawa anakaa tu kwangu akiangalia ukuta, ukaniambia nimlete kibandani kwako akushikie uzi ukinywa chai. Leo ana duka hapa Yamumbi na sweta zake ziko kwa shule tatu. Nikikutana na mtoto amevaa moja namsimamisha barabarani, nageuza kola, naonyesha watu ule mshono. Siku hizi watoto wakiniona wananitoroka.

Tulipomaliza kukuzika, Otieno wako alitupatia mashine yako ya kufuma. Wengi waliitaka, akakataa. Bado inalia upande wa kushoto na Jeptoo hataki fundi aiguse. Kibanda chako sasa wanauza kava za simu. Mimi hupitia njia ile ingine.

Jeptoo alikuwa amepanga kila kitu nyuma ya kalenda ya duka la mbolea. Novemba, kununua uzi. Disemba, kufuma. Januari shule zikifunguliwa, kuuza. Februari, mashine ya pili. Ziwa ilikuwa Mei. Mimi niliona hiyo Mei iko mbali sana. Mtoto wangu akifanya vizuri, nataka watu waone leo.

Basi akaenda Timboroa kupima watoto wa shule fulani, akaniachia pesa ya uzi nimpe yule mtu anayeuleta kutoka Nakuru. Siku hiyo hiyo nikasikia kuna nyumba ya duka imebaki wazi Ziwa na kinyozi mmoja anaitaka. Mama Otieno, nikalipa. Kodi ya miezi mitatu, kwa pesa ya uzi. Halafu Jumapili nikasimama kanisani nikatangaza, nikaalika watu wote waje wale pilau siku ya kufungua duka. Ungekuwa hapo ungenivuta sketi nikae. "Mama Jeptoo, mdomo yako iko na miguu." Ulikuwa unaniambia hivyo hata nikisifu ng'ombe yangu.

Jeptoo aliporudi hakunipigia kelele. Hiyo ndiyo iliniumiza. Alikaa kwa mashine yako, akaangalia kalenda, akasema, "Mama, umenipatia duka haina sweta. Januari nitauza nini?"

Kesho yake nikaenda kumbembeleza mwenye nyumba. Mimi.

Mwenye nyumba amekataa kurudisha hata shilingi. Nikasema niuze ndama, Jeptoo akakataa, eti maziwa yake ya baadaye pia iko kwa mpango. Sasa asubuhi moja nikikamua ndio nikafikiria: watu nimeshaalika, na hao watu wako na watoto, na hao watoto wanarudi shule Januari. Jeptoo nilipomwambia alichukua kalenda, akaandika.

Tangu hapo nazunguka nyumba kwa nyumba. Nawaambia hakuna pilau, ni chai tu, ya maziwa yangu. Kila mtu aje na mtoto apimwe, alipe nusu ya bei, na sweta atapata kabla shule zifunguliwe. Na nawaambia kwa nini, kwamba ni mimi nilikula pesa ya uzi kwa kodi. Ilinichukua nyumba nne kabla sauti yangu inyooke. Kuna mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama hata kichwa ya mbuzi haitakuwa. Nikamuuliza huyo mbuzi anasoma shule gani, nimpimie sweta. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema ataleta wajukuu watatu.

Jeptoo anasema wakija watoto arobaini, pesa yote ya uzi itarudi. Wakija kumi, Januari tutakaa Ziwa tukiangalia rafu, na hiyo mashine ya pili tuisahau. Amefagia hiyo nyumba mara mbili leo.

Ningetaka uwe hapa unitukane kidogo. Hakuna mwingine anajua kunitukana vizuri.

Nakuahidi hivi: pesa ya kazi ya mtoto sitaishika tena kabla sijasoma kalenda, na nikitaka kutangaza kitu, yeye atasikia kwanza. Kujisifu sitaacha, nisikudanganye. Pumzika dada yangu, na usiwe na wasiwasi na mashine, tunaipaka mafuta.

Otieno ameomba ruhusa kazini Kisumu aje ashike tepu ya kupimia. Watu wa kanisa wamesema watakuja, wa Yamumbi wamesema, hata mwalimu mmoja wa Ziwa. Wamesema. Tunawangoja Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.